Wageni wa Desemba na Watoto wa Susu

Kalenda ya Wizara ya Elimu ya Kenya haikutungwa kwa kuifikiria Ukambani, lakini imeiangukia vizuri. Mwaka 2025 shule zilifungwa Oktoba 24 na kufunguliwa Januari 5, 2026. Wiki hizo kumi ndizo hasa wiki za mvua ya nthwa, ile ya Oktoba hadi Desemba, ambayo mkulima wa Kitui na Makueni huitegemea kuliko ile ya Machi. Nthwa ikipita bila kunyesha vizuri, mwaka umekwenda na chakula chake.

Kwa hivyo mtoto anayetoka Nairobi Novemba kwenda kwa susu, yaani nyanya yake, haendi kupumzika. Anakuta jembe linamsubiri. Wazazi walioko mjini hulalamika kwenye simu: mtoto amesoma mwaka mzima, mwacheni acheze. Nadhani hawajawahi kuangalia vizuri kinachotokea shambani saa moja ya asubuhi, kabla jua halijakuwa kali.

Mkono ukiwa na kazi, mdomo hulegea. Mtoto huyo huyo ukimkalisha kitini na kumwuliza habari za shule atakujibu "ni nzuri" na kunyamaza. Akiwa ameinama kwenye mstari wa pojo, gugu mkononi, atasimulia bila kuulizwa: mwalimu anayemwogopa, rafiki aliyehama, kesi ya kalamu iliyoibwa muhula wa pili. Pale shambani hamtazamani, na hakuna uso wa mtu mzima unaomngojea amalize. Katikati ya hadithi atang'oa pojo akidhani ni gugu, susu apige ukelele, kisha wote wacheke, na hadithi iendelee pale ilipokatikia.

Halafu kuna mvua yenyewe. Ikianza kupiga mabati saa nane za usiku, nyumba nzima huamka. Watoto hutumwa nje na mabeseni, sufuria na ndoo ya kukamulia, wavipange chini ya ukingo wa paa. Hurudi wamelowa chepechepe, wanachekana, na hakuna anayewagombeza kwa kuchafua sakafu. Watu wazima husimama mlangoni wakitazama maji yakijaa chombo kimoja baada ya kingine.

Anayeona ajabu watu kusimama usiku kutazama ndoo ikijaa akumbuke miaka ya juzi. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilivunja matumaini mfululizo katika sehemu kubwa ya maeneo kame ya Kenya, Kitui na Makueni zikiwemo. Kuna watoto waliojifunza kutembea katika ukame huo. Ndiyo maana sufuria ya kwanza ya majani ya kunde huliwa polepole, na Jumapili mkebe wa pojo, maembe na jogoo aliyefungwa miguu hupelekwa mbele ya kanisa. Kanisa hilo mara nyingi ni AIC (Africa Inland Church), ambayo asili yake ni misheni iliyofika Nzaui mwaka 1895. Jogoo hupigwa mnada, na watoto hujifunza namna ya kushukuru kwa kumtazama baba mtu akipandisha bei ya kuku ilhali nyumbani ana kumi kama huyo.

Wageni wenyewe huanza kuingia Desemba 22 au 23. Pale kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus, Nairobi, nauli imeshapanda, na kila mwaka tunashangaa kana kwamba ni mara ya kwanza. Wa Makueni wana nafuu kidogo tangu 2017, kwani treni husimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Wa Mwingi na Mutomo hawana budi kubanana kwenye matatu. Wanashuka na unga wa ngano, mafuta, kreti ya soda, na nguo mpya zilizonunuliwa kubwa kidogo ili zivaliwe na mwaka ujao.

Baba aliyemwona mwanawe mara ya mwisho Novemba hutaka kulipa deni lote kwa siku tatu. Mbuzi huchinjwa. Mtoto hupigwa picha na chapati, na binamu, na shangazi asiyemjua jina. Sitamcheka baba huyo. Kazi ya mjini haimwachii nafasi. Lakini jino la mbele la mtoto liling'oka Desemba 19 na likarushwa juu ya paa. Baba amefika tarehe 23 na kukuta pengo. Aliyekuwapo ni susu, na ndiye pia anayejua nani bado anaogopa giza, nani hali kunde bila kubembelezwa, na nani analia usiku akimtaja mama yake.

Basi shukrani ya Krismasi ingeanzia kwake, na isiishie kwenye kitenge na kilo mbili za sukari. Amechukua jembe tangu Oktoba. Mgeni akilichukua asubuhi mbili tu, yeye na mtoto wake wakaingia mstari mmoja, susu atapumzika kidogo na baba atasikia ile kesi ya kalamu.

Jioni hazihitaji gharama. Stima hupotea sana wakati wa mvua, na simu za wageni huzima moja baada ya nyingine. Hapo ndipo mtu huanza: "Kwata ndai!" na watoto huitikia, "Nakwata!" Vitendawili huja, vingine vikiwa vimechakaa na majibu yake yanajulikana, na bado watoto hupigania kujibu. Mjukuu aliyepewa jina la babu huitwa na susu "mume wangu", anaambiwa amnunulie mkewe kiatu kwanza, na kijana wa miaka saba hukunja uso kwa fahari.

Nisije nikaifanya mvua hii kuwa malaika. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya kwenda harusini lilisombwa na Mto Enziu, karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa, watoto wakiwamo. Mito ya huku huwa mchanga mtupu asubuhi na kuua alasiri. Ukifika ukingoni ukakuta maji mekundu yanateremka, ngoja. Saa tatu ndani ya gari na watoto wenye njaa, mkihesabu magogo yanayopita, nazo ni saa za likizo.

Kuna pia wanaowarudisha watoto darasani kwa siri wakati wa likizo hii. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya likizo. Sina la kuongeza.

Baada ya Krismasi maembe huwa yameiva kweli. Watu wazima wa Makueni huzungumza bei ya madalali na kiwanda cha matunda cha Kalamba. Watoto hukaa chini ya mwembe na kula hadi shati lote liwe la njano. Wa Kitui wenye nauli kidogo huwapeleka watoto kwenye jiwe la Nzambani, kilomita chache kutoka mjini. Kuna ngazi za chuma za kupandia, lakini watoto huvutwa zaidi na ngano ya jiwe hilo: ukilizunguka mara saba, mwanamume anageuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Huanza kulizunguka kwa kelele. Raundi ya tano kelele hupungua, ya sita wote husimama. Wasichana huwasukuma wavulana mbele, wavulana hudai wamechoka tu. Kisha mmoja humgeukia baba yake na kumwuliza, mbele ya watu wote, kama yeye alipokuwa mdogo alifika saba.