Baiskeli Singida: Anza na Upepo, Mlima Utafuata

Mtu akitaka kuendesha baiskeli kando ya maji, barabara ikipanda na kushuka vilima, wengi watamwelekeza Tanga, Lindi au visiwani. Singida haiwajii akilini. Hata hivyo mji wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani upande wa kaskazini na Kindai upande wa kusini, na majabali yamerundikana mpaka ukingoni mwa maji. Uko kwenye uwanda wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ukitoka kwenye uwanda huo utakutana na kingo za Bonde la Ufa: Saranda upande wa Manyoni, Sekenke upande wa Iramba. Maji yapo, vilima vipo, lami ipo.

Wageni huanza kuuliza habari za milima, ina mwinuko gani, ni mirefu kiasi gani. Hawajakosea, ila kwa Singida hilo ni swali la pili. Kinachoamua kama utarudi nyumbani ukiwa na hamu ya chakula au ukiwa hoi ni upepo. Si bure kwamba mkoa huu umetajwa kwa miaka mingi kila panapozungumzwa umeme wa upepo nchini. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba hivi, upepo huvuma kutoka mashariki na kusini mashariki, juu ya nchi iliyo wazi, siku nyingi mfululizo.

Tufanye hesabu kidogo. Ukiendesha kilomita 20 kwa saa siku tulivu, hewa inakupiga kifuani kwa kasi hiyo hiyo. Ukikujia usoni upepo wa kilomita 20 kwa saa, kifua chako kinapambana na hewa ya kilomita 40 kwa saa, ingawa wewe bado unakwenda 20. Na kasi ya hewa ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kukuzuia huongezeka mara nne. Kwa mtu aliyekaa wima juu ya Phoenix, yeye na baiskeli wakiwa na kilo 85 hivi, mzigo huo wa ziada unakaribia kupanda mlima wa asilimia 3, yaani kupanda mita 3 kwa kila mita 100 unazokwenda. Mlima wa asilimia 3 ni wa kawaida tu, mwanafunzi anaupanda na begi mgongoni. Tatizo ni kwamba mlima una kilele, na ukifika juu unateremka bure. Upepo unaweza kukukalia kifuani kutoka mjini Singida mpaka Manyoni.

Kimo cha mahali kina nafuu yake. Hewa ya mita 1,500 ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15, hivyo inakuzuia kidogo kuliko ya Tanga. Lakini ndiyo hiyo hiyo unayoivuta mapafuni, na oksijeni yake imepungua kwa kiwango hicho hicho. Aliyeshuka jana kwenye basi la Dar es Salaam atalijua hilo kwenye kilima cha kwanza.

Waendeshaji wa pwani zenye vilima wanaujua mchezo huu. Cape Town Cycle Tour, mbio za kilomita 109 hivi zinazozunguka Rasi na kupita Chapman's Peak, zilianza mwaka 1978, na vilima vyake huwatoa jasho hata waliojiandaa. Machi 2017 zilisitishwa asubuhi ile ile ya mbio, baada ya upepo kuwashinda washiriki barabarani. Vilima vilikuwa vile vile vya kila mwaka.

Kwa hiyo toka ukiukabili upepo, rudi ukisukumwa nao. Na toka mapema. Alfajiri upepo wa chini kwa kawaida huwa umelala. Jua likishapanda na ardhi kupata joto, hewa ya chini huinuka, ile ya juu yenye kasi hushuka kuchukua nafasi yake, na kufikia saa nne au saa tano asubuhi vumbi limeanza kutembea. Anayeondoka saa kumi na mbili humaliza sehemu ngumu kabla mambo hayajachangamka.

Kwa anayeanza, maziwa yanatosha. Njia za kando ya Singidani ni za udongo na mchanga kuliko lami, hivyo tairi nyembamba za mashindano ziache nyumbani. Utaona heroe wakati wao ukiwadia, na mwari pia. Maji yale hayanyweki, beba yako. Vumbi la ufukweni lina chumvi, nayo ikikutana na mafuta ya cheni hula chuma kimya kimya; ifute cheni kwa kitambaa siku hiyo hiyo, kisha itie mafuta mapya. Miiba ya migunga nayo haichagui baiskeli ya bei gani. Viraka, gundi na pampu viwe mfukoni, maana fundi wa pancha hakai porini.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya kusini, kutoka mjini kwenda Ikungi na kuendelea mbele ya hapo kadiri miguu itakavyoruhusu. Haina mlima wa kutisha, inapanda na kushuka kwa mawimbi marefu, na upepo wa kusini mashariki unakuwa mbele yako asubuhi ukiwa bado mchanga. Ukigeuza, unakuwa mgongoni ukiwa na nguvu zake zote. Mkiwa wawili, anayekaa nyuma ya mwenzake karibu na gurudumu lake huokoa takriban robo ya jasho lake au zaidi. Pokezaneni kila baada ya dakika chache, bila ushujaa. Mwishoni mwa masika mashamba ya alizeti yatakusaidia kujua uelekeo hata mawingu yakifunga, kwa kuwa ua la alizeti lililokomaa hutazama mashariki kutwa nzima. Ni lile changa tu linalolifuata jua.

Barabara ya Katesh, kaskazini mashariki, ndiyo inayopigwa picha zaidi, na kwa haki: Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, unakua mbele yako kadiri unavyosogea. Lakini hapa upepo wa kusini mashariki unakupiga ubavu wa kulia. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo unakusukuma kutoka kwenye lami kwenda kwenye changarawe, nawe unajibu kwa kuegemea kulia bila kujijua. Lori likikupita upande huo wa kulia, linaukinga upepo ghafla. Ule uzito ulioegemeza haukuti kitu cha kuuzuia, na baiskeli inakwenda kulia, kwenye lori. Likishapita, upepo unarudi kwa kishindo na kukutupa kushoto. Dawa ni kulisikia lori kabla halijafika, kulegeza viwiko, kushusha kifua na kuacha nafasi ya nusu mita kutoka ukingo wa lami. Anayekamata usukani kwa nguvu ndiye anayeyumba zaidi.

Wapenda milima waende Saranda. Kutoka Kintinku, chini kwenye bonde la Bahi, barabara inapanda ukingo kwenda Manyoni kuelekea magharibi, na upepo wa mashariki uko mgongoni. Inasikika kama zawadi. Ukipanda kwa kilomita 10 kwa saa huku upepo ukikusukuma kwa kasi inayokaribia hiyo, hewa inayokuzunguka inakuwa kama imesimama. Jasho halikauki, joto la mwili linapanda, na nzi wanakwenda nawe mguu kwa mguu. Wapo wanaoishiwa pale si kwa udhaifu wa miguu bali kwa joto. Panda asubuhi, jimwagie maji shingoni, na kama una giya tumia nyepesi mapema kabla pumzi haijakatika. Mwenye baiskeli ya giya moja ashuke asukume, wala si aibu.

Sekenke ni kinyume chake, na ndipo wengi wanapokosea mpango. Ukitoka Singida kwenda magharibi kupitia Iguguno na Misigiri, upepo uko nyuma, unajiona bingwa. Kisha barabara inateremka kwa kona kuelekea Shelui na mbuga za Wembere, sehemu inayojulikana kwa dhahabu iliyochimbwa tangu enzi za Wajerumani na, kwa madereva, kwa ajali za malori. Raha yote hiyo ni deni: kurudi ni kupanda mlima huku upepo ukiwa usoni, mchana, umechoka.

Na kuteremka kwenyewe kuna hesabu yake. Kilo 85 zikishuka mita 300 kwa breki hutoa joto la kutosha kuchemsha karibu robo tatu ya lita ya maji baridi, na sehemu kubwa ya joto hilo huingia kwenye rimu na mipira ya breki. Breki za fimbo za baiskeli za mizigo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Usizishikilie mfululizo, bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, bana tena, na simama katikati ya mteremko rimu zipoe. Hii ni barabara ya malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Lori linaloshuka kwa giya nzito linakwenda polepole kuliko wewe, na kishawishi cha kulipita kwenye kona ni kikubwa. Kaa nyuma yake, mbali kiasi cha dereva kukuona kwenye kioo.

Anayetaka Sekenke ateremke tu, kisha apande basi la kurudi Singida akiwa Shelui. Patana na konda nauli ya baiskeli kabla haijaingia kwenye buti, fungua gurudumu la mbele, na simamia mwenyewe inavyolazwa: upande wa cheni uwe juu, na gunia la mtu lisikae juu yake.