Programu na Mchakato

Wimbo ulioandikwa kitabuni hauna sauti. Hukaa kimya mpaka waimbaji wauimbe. Tena kwaya tatu za vijiji vitatu zaweza kuuimba wimbo huo kwa wakati mmoja, moja ikiwa katika ubeti wa kwanza na nyingine katika ubeti wa tatu. Zikinyamaza, wimbo wabaki kitabuni vile vile.

Ndivyo ilivyo katika kompyuta. Programu ni maagizo yaliyoandikwa na kuwekwa katika diski. Maagizo hayo yakianza kutekelezwa, kazi inayoendelea huitwa mchakato. Programu moja yaweza kuzaa michakato mingi, na kila mmoja una mahali pake katika kumbukumbu ya kompyuta.

Msimamizi wa michakato ni mfumo endeshi. Katika mfumo uitwao Unix, ulioanzwa Marekani mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie, kila mchakato hupewa namba yake, usije ukachanganywa na mwingine. Kisha michakato hufanya kazi kwa zamu. Zamu hizo ni fupi mno, hata mtu hudhani kuwa yote yaenda pamoja.

Mchakato ukikatika ghafula, programu haipotei. Yaweza kuanzishwa tena. Lakini barua iliyokuwa ikiandikwa, kama haikuhifadhiwa katika diski, huweza kupotea, kwa kuwa ilikaa katika kumbukumbu ya mchakato ule tu. Basi mwenye busara huhifadhi kazi yake mara kwa mara, wala hangoji mwisho.