Imani Wakati Mungu Amenyamaza

Katika makanisa yetu mengi ushuhuda una umbo moja: nilikuwa gizani, nikaombewa, nikafunguliwa, sasa nina furaha. Kwa waliopitia hayo ni ushuhuda wa kweli, na sina neno nao. Lakini yupo Mkristo mwingine ambaye umbo hilo halimpi nafasi. Aliokoka zamani, hajaacha ibada, hana jambo kubwa analolificha, na bado akipiga magoti anaona kama anazungumza na ukuta. Akithubutu kusema, ataambiwa amepoa. Atatafutiwa dhambi ya siri, au laana ya ukoo, au mfungo aliouvunja. Basi anarudi nyumbani na mizigo miwili, ule ukimya wenyewe na aibu ya kuwa nao. Naamini mzigo wa pili ndio unaowatoa wengi kanisani, na ndio tuliowatwika sisi.

Mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo cha Mama Teresa wa Calcutta, barua zake za siri zilichapishwa na wasomaji wengi wakashtuka. Alizaliwa Skopje mwaka 1910, akajiunga na masista wa Loreto akiwa na miaka 18, akaenda India kufundisha. Tarehe 10 Septemba 1946, akiwa ndani ya treni kuelekea Darjeeling, alisadiki kwamba Yesu anamwita akaishi kati ya maskini kabisa. Miezi iliyofuata alihisi uwepo wa Yesu kwa ukaribu na utamu mkubwa. Mwaka 1948 aliruhusiwa kutoka konventi, na mwaka 1950 shirika lake la Wamisionari wa Upendo likatambuliwa rasmi. Kazi aliyoitiwa ilipoanza tu, utamu ule ukakatika.

Haukukatika kwa msimu mmoja. Mwishoni mwa mwaka 1958, baada ya misa ya kumwombea Papa Pius XII aliyekuwa amefariki mwezi Oktoba, alipata nafuu ya wiki chache, kisha giza likarudi. Kwa jinsi barua zinavyoonyesha, lilikaa naye sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki. Aliwaeleza waungamishi wake na askofu mkuu wa Calcutta, Ferdinand Périer, kwamba ndani yake ni utupu, kwamba tabasamu lake linaficha mengi, na kwamba zipo nyakati alijiuliza kama Mungu yupo. Aliomba barua hizo ziharibiwe. Waliozipokea wakazitunza.

Sasa tazama miaka hiyohiyo kwa nje. Masista waliendelea kuamka kabla ya mapambazuko, kusali, kushiriki misa, kisha kwenda kuwaokota waliokuwa wakifia barabarani. Mwaka 1965 walifungua nyumba Venezuela, na mwaka 1968 wakafika Tabora. Masista wale wa sari nyeupe yenye mistari ya buluu, ambao watu wa Tabora waliwaona wakihudumia wagonjwa na wazee wasio na mtu, walitumwa na mwanamke ambaye sala zake mwenyewe zilikuwa kavu.

Wapo waliosoma barua hizo wakamwita mnafiki. Siwaelewi. Mnafiki hutangaza asichokiamini ili apate faida, na huacha faida inapoisha. Mama Teresa alikuwa ameahidi, akashika ahadi bila malipo ya hisia yoyote, kwa miongo. Kama imani ni joto la moyoni tu, basi hakuwa nayo. Lakini kama imani ni kumtegemea Mungu usiyemhisi na kuendelea kumtii, sijui ni nani kati yetu aliyekuwa nayo kumshinda.

Hata hivyo, si kila ukavu ni wa namna hiyo, na hapa ndipo viongozi wetu wanapohitaji utulivu zaidi. Yohane wa Msalaba, mtawa wa Kikarmeli, aliyajua mambo haya kwa mwili wake. Desemba 1577 ndugu zake wa shirika lilelile la Wakarmeli, waliopinga mageuzi aliyoyafanya pamoja na Teresa wa Avila, walimkamata wakamfungia Toledo katika chumba kidogo chenye giza, hadi alipotoroka Agosti 1578. Baadaye aliandika juu ya usiku wa roho, akatoa alama tatu ambazo mchungaji au katekista anaweza kuzitumia kesho asubuhi.

Alama ya kwanza: mtu haoni ladha katika mambo ya Mungu, lakini haioni katika mambo mengine pia. Kama sala inamchosha huku mpira, simu na maneno ya mtaani vikimchangamsha, tatizo huenda ni uzembe wa kawaida, na dawa yake inajulikana. Alama ya pili naiona kuwa nzito kuliko zote: mtu huyo anahuzunika. Anafikiri anarudi nyuma, anajilaumu kwamba hamtumikii Mungu inavyopaswa. Aliyepoa kweli halii kwa kupoa, tena mara nyingi hata hajui. Kwa hiyo yule anayekuja kwa mchungaji akitokwa na machozi kwamba amempoteza Mungu amekuja na ushahidi mkononi kwamba bado anampenda. Kumkemea pepo mtu wa namna hii ni kumjeruhi. Alama ya tatu: hawezi tena kutafakari kama zamani, hata ajitahidi vipi. Maneno na picha zilizomgusa sasa hazimgusi.

Yohane anataka alama zote tatu zionekane pamoja kabla ya kusema huu ndio usiku wenyewe. Kisha anafananisha hali hiyo na mama anayemwachisha mtoto ziwa. Mtoto anadhani amekataliwa, kumbe anafundishwa kula chakula kigumu na kutembea kwa miguu yake. Ushauri wake kwa mtu huyo ni kutojilazimisha kurudisha hisia za jana. Akae mbele ya Mungu kwa utulivu, hata kama anaona anapoteza muda.

Ipo hali nyingine inayofanana na hiyo kwa nje, na wamonaki wa jangwa la Misri waliijua mapema. Mmoja wao, Evagrius, aliyefariki mwaka 399, aliiita pepo wa adhuhuri. Anamweleza mmonaki ambaye mchana anaona jua halisogei, anachungulia nje kuona kama kuna ndugu anayekuja, anachukia chumba chake na kazi yake, anawakumbuka jamaa, kisha anaanza kujiambia kwamba anaweza kumpendeza Mungu kwa urahisi zaidi mahali pengine. Ukiishi mjini unamfahamu mtu huyu: mwaka huu yuko kwa nabii huyu, mwakani kwa yule, na kila mahali panaanza kwa moto na kuisha kwa kuchoka. Jibu la Evagrius lilikuwa kukaa. Mtu asiondoke chumbani saa hiyo, ashike kazi ndogo iliyo mbele yake, aimalize.

Na hali ya tatu inatokana na mwili. Eliya, baada ya ushindi wa Karmeli, alikimbia jangwani, akaketi chini ya mretemu akaomba kufa. Malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale mkate na anywe maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, huko Horebu. Mtu asiyelala kwa wiki, aliyepoteza hamu ya chakula, anayesema heri angekufa, anaweza kuwa na sonona, na sonona hutibiwa hospitalini. Kumwombea ni vizuri. Kumzuia asitibiwe kwa jina la imani ni hatari, na watu wamekufa kwa ajili hiyo.

Kilichomsaidia Mama Teresa kilikuwa mtu wa kumweleza. Mwaka 1961 alimfungulia moyo padre Mjesuiti, Joseph Neuner. Padre huyo alimwambia kwamba kwa hali yake hakuna dawa ya kibinadamu, hivyo asijihesabie kosa. Kwamba kumhisi Yesu si ushahidi pekee wa kuwapo kwake. Na kwamba kiu aliyokuwa nayo ni alama ya Mungu aliyejificha ndani yake. Hisia hazikurudi. Lakini aliacha kupigana na giza kama adhabu, akaanza kulipokea kama sehemu ya kushiriki upweke wa maskini aliowahudumia.

Jumuiya ndogo ndogo na ibada za nyumba kwa nyumba zinaweza kuwa mahali pa kusemea mambo haya, iwapo kiongozi atamruhusu mtu atoe ushuhuda ambao haujaisha. Aanze kwa kuwasomea Zaburi ya 88. Mwimbaji wake anamlilia Mungu mchana na usiku, anauliza kwa nini ametupwa, na zaburi inafika mwisho akiwa bado gizani, bila mstari wa furaha wa kufungia. Israeli waliiweka katika kitabu cha ibada jinsi ilivyo, na mwimbaji huyo hatuelezwi popote kwamba alifukuzwa kwaya.