Mtoto wa miaka miwili melini, nani ataangalia?

Kabla hujalipia safari ya familia kwa meli ya kitalii, uliza kwanza nani atamwangalia mdogo wenu. Wazazi wengi husikia kwamba melini kuna klabu ya watoto, wakaridhika. Kumbe klabu hizo, kwa kampuni nyingi, hupokea mtoto aliyetimiza miaka 3 na aliyekwishaacha nepi. Aliye chini ya hapo anahitaji chumba cha malezi, na si kila meli inacho. Nafasi huwa chache, tena mara nyingi hulipiwa kwa saa. Omba yako mkiwa bado nyumbani.

Walezi waandikie mzio alio nao, dawa anazotumia na saa yake ya kulala. Akiharisha au kutapika, tafadhali usimfiche ukampeleka hivyohivyo. Mpeleke kwa daktari wa meli. Norovirusi husambaa upesi melini, na dawa ya kupaka mikononi haivimalizi virusi hivyo. Nawa kwa sabuni na maji, hasa baada ya kubadilisha nepi.

Bwawani je? Mwenye nepi kwa kawaida haruhusiwi, hata ikiwa ni nepi ya kuogelea. Mwambieni mkubwa wake mapema, asije akamlilia.