Linda Mishipa Yako ya Fahamu

Ndugu msomaji, unapalilia shamba. Ghafla unakanyaga mwiba. Mguu unaruka juu kabla hujapata hata kuwaza. Je, nani aliuamuru mguu uinuke? Ni mishipa ya fahamu.

Yafaa sisi wakulima tuijue mishipa hii. Dawa nyingi tunazopiga shambani huua wadudu kwa kuharibu mishipa yao ya fahamu. Zinaweza kuharibu na yetu.

MAKAO MAKUU NA MATAWI

Makao makuu ni ubongo, ulio ndani ya fuvu la kichwa. Kutoka kwenye ubongo hushuka ugwe mgongo. Ugwe mgongo ni kama kamba laini inayopita ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Humo hutoka jozi 31 za mishipa kwenda mikononi, kifuani, tumboni na miguuni. Jozi nyingine 12 hutoka kwenye ubongo. Nyingi kati yake huhudumia macho, masikio, uso na kinywa.

Mishipa mingine hupeleka habari. Mingine huleta amri. Ulipokanyaga mwiba, habari ilifika kwenye ugwe mgongo, na amri ikatoka hapo hapo. Ubongo ulipata habari baadaye kidogo, ndipo ukasikia maumivu.

SELI ZA FAHAMU

Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, ziitwazo seli. Seli ya fahamu ina kiwiliwili, matawi mafupi ya kupokea habari, na mkia wa kupeleka habari. Mkia wa seli iendayo kwenye kidole cha mguu huweza kufika urefu wa meta 1. Hata hivyo ni mwembamba kuliko unywele. Zipo pia seli za kusaidia, zinazolisha na kulinda seli za fahamu.

Kati ya mkia na msuli kuna mwanya mdogo. Seli humwaga kemikali, nayo huvusha habari. Habari ikifika, kimeng'enya huivunja kemikali hiyo mara moja, na msuli hupumzika.

DAWA INAPOINGIA MWILINI

Baadhi ya dawa za wadudu hukizuia kimeng'enya hicho kisifanye kazi. Amri hazikomi. Mtu hutokwa na mate na jasho jingi. Mboni za macho husinyaa. Misuli hutetemeka. Kupumua huwa shida, na anaweza kufa.

Dawa hupita kwenye ngozi, puani na kinywani. Nimewaona wakulima wakipiga dawa kifua wazi. Ndugu, usifanye hivyo. Vaa nguo ndefu, viatu vya mpira, glavu na kifunika pua. Usipige dawa kuelekea upepo. Usile wala kuvuta sigara kazini. Maliza kwa kuoga kwa sabuni. Chupa ya dawa usiitumie kuwekea maji.

Mwenzako akidhurika, mtoe shambani na umvue nguo zenye dawa. Mwoshe kwa sabuni na maji mengi, nawe ujikinge mikono. Mpeleke hospitali upesi. Chukua chupa ya dawa, mganga asome jina lake.

Mhindi ukifa, utapanda mwingine. Lakini seli nyingi za ubongo zikifa, hazioti tena.