Usimamizi wa Miradi (3): Mvuvi Akihama, Nani Apigiwe Simu?

Makala iliyopita ilihusu bajeti na ratiba. Leo tuingie katika jambo lisilopatikana kwenye lahajedwali yoyote: msimamizi wa mradi anafahamiana na nani.

Tuchukue mfano wa kaunti mbili za Kenya kando ya Ziwa Victoria. Homa Bay na Migori zamani zilikuwa wilaya moja ya South Nyanza, makao yake mjini Homa Bay. Tangu 2013 kila kaunti ina gavana wake na idara yake ya afya. Ziwa halikugawanywa hivyo. Mvuvi wa omena kisiwani Remba, upande wa Homa Bay, akisikia kwamba Sori au Muhuru kunavulika, hupakia nyavu na taa zake akaenda Migori, na hamwagi msimamizi wa mradi wowote.

Sasa mvuvi huyo awe anatumia dawa za VVU. Si mfano wa kubuni tu: utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta maambukizi ya asilimia 19.6 kwa watu wazima wa Homa Bay na 13 Migori, ilhali wastani wa Kenya ulikuwa 4.9. Siku yake ya kliniki inafika, haonekani. Simu haipatikani. Ripoti ya mradi inamwandika amepotea, naye yuko Muhuru anavua, pengine ameshaandikishwa huko kama mgonjwa mpya. Mradi mmoja umehesabu hasara, wa pili umehesabu faida, na mtu ni yule yule. Kibaya zaidi ni asipoandikishwa popote, dawa zikamwishia.

Fomu ya uhamisho ipo, lakini anayeondoka usiku na mashua hapitii kliniki kuichukua. Kinachosaidia ni msimamizi wa Mbita, upande wa Homa Bay, kuwa na namba ya mwenzake wa Muhuru, na wote wawili kufahamika na viongozi wa BMU, zile kamati za fuo zilizowekewa kanuni mwaka 2007. Kamati huulizwa tu mashua fulani imetia nanga wapi. Habari za ugonjwa hubaki kati ya kliniki na kliniki. Hapo simu moja hufanya kazi ambayo barua za idara mbili zingechukua wiki nzima kuifanya.

Wengi wetu, hata hivyo, hutafuta urafiki juu tu: ofisi ya mfadhili, Nairobi, ikiwezekana Washington. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, waliokuwa wakipigiwa simu kule juu nao walikuwa wakifungasha virago. Kufikia Julai 1, USAID, shirika lao la misaada, ilikuwa imefungwa. Wagonjwa walibaki pale pale ufuoni, na wauguzi wa kaunti pia.

Vyama vya taaluma vina faida yake. PMI, chama cha wasimamizi wa miradi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1969, kina tawi Kenya. Kundi la WhatsApp nalo lina faida, ukivumilia salamu za asubuhi na michango ya matanga. Urafiki wa kugawana tenda siuhesabu hapa. Huo una jina lake mahakamani.

Msomaji unayesimamia mradi kando ya ziwa, usingoje mkutano wa robo mwaka hotelini Kisumu. Nenda kaunti jirani, umtafute anayefanya kazi kama yako, mbadilishane namba kabla ya shida kutokea.

Wiki ijayo: kukabidhi mradi mfadhili anapoondoka.