Je, Wajua? Makumbusho ya kushika kwa mikono

Makumbusho ya kwanza duniani kuanzishwa kwa ajili ya watoto yalifunguliwa Brooklyn, New York, Desemba 16, 1899. Miaka zaidi ya sitini baadaye, mwaka 1962, Michael Spock alikabidhiwa uongozi wa makumbusho ya watoto ya Boston, akavitoa vitu nyuma ya vioo ili watoto wavishike, wavigeuze na kuvifungua.

Sababu yake ni rahisi: mtoto mdogo hufikiri kwa vidole. Akipanga vibao vikaanguka, amejifunza uzito. Akimimina maji toka kata hadi kopo, amepima ujazo kabla hajajua kuhesabu.

Kwetu, Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam humruhusu mtoto aingie ndani ya nyumba za asili, tembe ikiwemo, ile ya paa bapa la udongo ambayo bibi wengi wa Singida wamezaliwa humo. Lakini kutoka Sepuka, wilayani Ikungi, nauli ya basi kwenda na kurudi si mchezo kwa familia ya mkulima wa alizeti.

Basi tazama kilichopo kijijini: udongo wa kufinyanga ng'ombe, mabua ya mtama ya kuunda gari, kokoto za kuhesabia. Darasa la awali likitenga kona moja ya vitu hivyo, na bibi akaalikwa kueleza kinu na ungo, watoto wote wataingia bila kiingilio, hata yule asiye na sare.